Upande Asiouona Mama Winchi

Watu wengi hupewa jina la utani kwa kasoro zao. Yeye alipewa kwa kazi yake, na hilo peke yake lilimfanya ajione mtu mwenye bahati. Kambi nzima ilimwita Mzee Kipenga, kuanzia wapishi hadi mhandisi mkuu, na hata mke wake, aliyebaki mbali huko nyumbani, alikuwa ameanza kulitumia jina hilo kila alipotaka kumkasirikia kwa heshima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika bonde moja, mahali ambapo lami ilikata tamaa mapema na barabara ya vumbi ikaendelea kwa ukaidi wake yenyewe, kampuni ilikuwa inajenga ukuta wa bwawa. Pembeni mwa ukuta ilisimama winchi ndefu kama mnara, na juu kabisa, ndani ya kibanda cha vioo, alikaa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Winchi, ingawa hakuwa na mtoto bado na kwa umri angeweza kuwa binti wa nusu ya wafanyakazi. Kutoka kule juu aliona bonde zima: nani amechelewa, nani amelala nyuma ya lundo la mchanga, nani anaongea na nani na kwa nini wananyamaza mnyapara akipita. Kitu kimoja tu hakukiona. Upande wa pili wa ukuta, ule wa mtoni, ambako ndoo kubwa ya zege ilishukia, ulifichwa na ukuta wenyewe. Huko Mama Winchi alishusha mzigo kwa kusikiliza.

Aliyesikilizwa ni Mzee Kipenga. Ndoo ikipita juu ya ukuta, yeye alishuka ngazi za upande wa mtoni hadi kwenye jukwaa la mbao, akaitazama inavyoteremka, akapuliza. Mlio mmoja mrefu, simama. Miwili mifupi, pandisha. Mitatu, shusha. Redio za mkononi zilikuwapo. Kampuni ilizileta kwa hotuba. Lakini mtambo wa kuchanganya zege ukianza kunguruma, redio zilitoa sauti kama ya mtu anayekaanga vitunguu, na Mama Winchi alisema waziwazi kwamba yeye hashushi mzigo juu ya vichwa vya watu kwa kufuata vitunguu. Kipenga hakikuhitaji chaji wala hotuba. Kilihitaji pumzi.

Na pumzi ndiyo iliyokuwa imeanza kuadimika. Mzee Kipenga alivuta sigara tangu alipokuwa kijana wa kubeba matofali, enzi ambazo aliamini moshi humfanya mtu aonekane ana mawazo. Mawazo hayakuja. Kikohozi kilikuja, kikakaa, kama mgeni aliyesema analala siku moja tu.

Asubuhi moja ya joto, ndoo ikiwa inateremka vizuri, ulifika wakati wa mlio mrefu. Mzee Kipenga akajaza kifua, au alidhani amejaza. Kilichotoka ni kikohozi kilichopitia kwenye kipenga, sauti ya panya aliyekanyagwa mkia, kisha kimya. Akainama ameshika magoti, machozi yakimtoka. Ndoo ikaendelea kushuka taratibu, kwa imani yote ya mwanamke ambaye hajaambiwa asimame, ikakaa juu ya toroli. Toroli halikubisha. Likawa bapa.

Hakuna aliyeumia. Lakini kibarua aliyekuwa ameshika mipini ya toroli hilo muda mfupi kabla, akaliacha ili akanywe maji, aliketi juu ya mfuko wa saruji na hakutoa neno hadi chakula cha mchana. Hata hapo alisema tu, "Nilikuwa na kiu."

Mama Winchi akashuka. Hili halikuwa jambo la kawaida. Alikula kule juu, alisinzia kule juu, na watu waliamini hata mafua yake aliyapata kule juu, ya aina yake. Alilizunguka toroli, akalitazama, kisha akamtazama Mzee Kipenga.

"Mzee wangu, nimengoja mlio."

"Najua, mwanangu."

"Haukuja."

"Ulikuja. Uliishia njiani."

Msimamizi wa usalama aliwaita wote wawili ofisini kwake jioni hiyo. Alikuwa mtu mtaratibu, anayevaa kofia ngumu hata akila, na hakuwa na ubaya na mtu. Ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi.

"Mzee, sitaki kukuondoa," alisema. "Ila kipenga kinachokohoa ni hatari kuliko kukosa kipenga. Mwisho wa mwezi nitapanda mwenyewe kwenye kibanda cha winchi, nifunge mlango, mtambo ukiwa unanguruma. Nikikusikia, unabaki. Nisipokusikia, kuna nafasi getini."

"Mimi sishushi na mtu mwingine," alisema Mama Winchi.

"Basi asaidiwe apumue."

Geti la kambi ile lilikuwa kazi ya heshima, kwa maana kwamba haikuwa na kitu kingine chochote. Mlinzi wake alifungua lori likija, akafunga likishapita. Katikati ya hapo alizeeka. Mzee Kipenga hakufikiria mshahara, kwa kuwa usingetofautiana sana. Alifikiria jina. Mtu anaweza kuzoea kila kitu, lakini kuitwa Mzee Geti kunataka roho ngumu.

Ilitokea kwamba kampuni tayari ilikuwa na mpango wa kuwasaidia wafanyakazi kuacha sigara. Ulikuja kutoka makao makuu kama vijavyo vitu vingi vya huko: ghafla, kwa rangi nzuri, na bila kumwuliza mtu. Yalianza mabango yenye picha ya pafu jeusi, ambayo kwa muda fulani watu walidhani ni tangazo la mkaa. Kisha duka la kambi likakatazwa kuuza sigara. Zikaanza kuja na lori la saruji, zikinuka saruji, na watu wakazivuta hivyo hivyo wakisema hizi ndizo zinazojaza kifua. Mwisho zikaja plasta.

Mpango wote ulikabidhiwa muuguzi wa kambi, mwanamume mpole ambaye kila mtu alimwita Daktari. Mwanzoni aliwasahihisha. Baadaye alichoka akaanza kuitika, na sasa alikuwa amefika mahali ambapo akiitwa muuguzi anageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Plasta zile zilikuwa na nikotini ndani yake. Unabandika kwenye ngozi, nazo zinaupa mwili kidogo kidogo kile ulichozoea kukipata kwenye moshi, ili mtu asipandwe na wazimu anapoacha. Daktari alilieleza hilo kwa ufasaha kwenye mkutano, kando ya jenereta. Wafanyakazi waliuona mdomo wake ukifunguka na kufungika, wakaziona plasta mkononi mwake, wakamalizia wenyewe. Plasta walizijua. Plasta ni za maumivu. Kesho yake foleni ililizunguka kontena la zahanati. Waashi walibandika kiunoni, wafunga nondo mgongoni, madereva shingoni, na wengine walirudi kumshukuru Daktari kwamba goti sasa linakunjika. Mpishi mkuu, ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, alibandika mbili, goti hili na goti lile, akawasha moto wa jikoni, na si muda mrefu akakutwa amelala chali juu ya magunia ya mchele akiomba mtu asimamishe dari. Chakula kilichelewa hadi alasiri. Siku hiyo kambi ilielewa matumizi ya plasta kwa kina ambacho mkutano usingekifikia.

Mzee Kipenga alikuwa amekaa mbali na vurugu zote hizo. Sasa akabisha mlango wa kontena la zahanati, ambamo mlikuwa na kitanda kimoja, mzani, na feni iliyompuliza Daktari peke yake.

"Karibu, Mzee. Umewahi kubandika plasta?"

"Moja, zilipofika. Nilibandika kifuani."

Daktari akaacha alichokuwa anafanya. "Kifuani ni mahali pake. Nani alikuelekeza?"

"Hakuna. Ndiko tatizo liliko."

Daktari, aliyekwisha kuona magoti mengi, hakuona sababu ya kumsahihisha mtu aliyepatia. "Na sigara?"

"Niliendelea kuvuta nikingoja plasta ifanye kazi."

"Aha. Kwa kawaida unavuta wakati gani?"

"Nikingoja."

"Na unangoja wakati gani?"

"Daktari," alisema Mzee Kipenga kwa upole, "mimi nimeajiriwa kungoja."

Akaeleza. Ndoo kushuka ni kufumba na kufumbua. Baada ya hapo anarudi juu ya ukuta na kungoja mtambo uchanganye zege jingine, ndoo ijazwe, winchi izunguke. Kipenga hakichezewi, ukikiweka mdomoni ovyo ukapumua vibaya, kule juu kuna mtu atakayetii. Kwa hiyo mdomo hauna kazi, mkono hauna pa kwenda, na mkono usio na pa kwenda huenda mfukoni.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mabango hayakuwa yamelifanya. Kisha akasema, "Basi tusipigane na sigara zote. Tupigane na hiyo ya kungoja. Ukiwa juu ya ukuta unangoja, nani anakuona?"

"Mungu na Mama Winchi."

"Tuanze na aliye karibu."

Wakamngoja Mama Winchi chini ya mnara zamu ilipoisha, kwa sababu Daktari alisema wazi kwamba ngazi ile si ya watu wenye familia. Mama Winchi alisikiliza huku akivua glavu, akafikiri kidogo, akasema hilo ni jambo dogo. Winchi ina honi, ya kuwaonya watu wakati mzigo unapita juu yao. Akiona mkono wa Mzee unaelekea mfukoni, atapiga honi. Moja, fupi.

Msimamizi wa usalama alipinga, kwa kuwa honi ni chombo cha usalama. Mama Winchi akamwuliza kama kuna usalama kuliko pumzi ya mtu anayemwambia pa kusimama. Msimamizi akatafakari, kisha akasema hakulisikia swali, na akaondoka kabla halijarudiwa.

Hivyo ndivyo bonde lilivyopata desturi mpya. Mzee Kipenga alisimama juu ya ukuta na plasta yake kifuani. Mkono ukiteleza kuelekea mfukoni, honi ikalia toka mawinguni, na vibarua wote wakainua vichwa, si kutazama mzigo, bali kumtazama yeye. "Mzee, mkono," mmoja alisema chini. "Mkono, Mzee," wa pili akajibu, kama watu wanaoitikia wimbo. Tatizo ni kwamba mfuko ule ule ulikuwa na kitambaa cha kufutia jasho. Siku za joto Mzee Kipenga alipigiwa honi kwa jasho lake mwenyewe, na ilimbidi akitoe kitambaa akipeperushe juu kama mtu anayejisalimisha, ili Mama Winchi aone kwamba hakuna kitu ndani.

Hakukasirika. Au, kwa ukweli, alikasirika sana, kwa kuwa siku zile za mwanzo alikasirishwa na kila kitu: viatu, chumvi, jua kuchomoza upande ule ule. Lakini hakuweza kumkasirikia mtu aliyekaa kule juu na mzigo unaoning'inia mkononi, na bado akapata nafasi ya kuangalia mfuko wake. Alihesabu watu waliowahi kumwangalia kwa makini kiasi kile. Mama yake mzazi, basi.

Daktari naye alimpa chupa ya maji na mrija mrefu, apulize povu ndani yake asubuhi na jioni ili mapafu yakumbuke kazi. Mzee Kipenga alipulizia chumbani, amekaa kitandani, kwa umakini wa mtu anayesali. Mwenzake wa chumba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mvutaji tangu enzi na mwenye mdomo mrefu kuliko mrija.

"Mzee, unachemsha nini humo?"

"Mapafu."

"Yakiiva niite."

"Wewe yako yalishaungua. Hayataki tena kuiva."

"Yangu ni ya kukaushwa kwa moshi. Hayaozi." Fundi akachukua pakiti yake, akasimama mlangoni. Zamani alivuta hapo hapo, amekaa kizingitini, moshi ukichagua wenyewe uingie au utoke. "Natoka kidogo," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia tangi la maji kama linavuja."

Tangi lilikuwa mwisho kabisa wa kambi, na halikuwa linavuja. Halikuwahi kuvuja tangu liwekwe. Lakini tangu siku hiyo fundi alikwenda kulikagua kila jioni, hata mvua ikinyesha, hata akiwa amechoka kiasi cha kuburuta viatu, na alirudi akilalamika kwamba kampuni haimlipi kwa ukaguzi. Mzee Kipenga alimjua vizuri. Huyu hakuwa mtu wa kumpisha mwenzake hata kwenye kiti cha kukalia bure. Kila fundi alipotoka, yeye alipuliza povu kwa nguvu zaidi, na hakusema kitu. Kuna asante ambayo ukiitamka mwenyewe anakana, na kesho haendi tena.

Mwezi ulikuwa umeshachakaa pale mtambo wa kuchanganya zege ulipoharibika. Mafundi wakauingia tumboni, na bonde lote likakaa kungoja. Hapakuwa na ndoo, wala kelele, wala neno la kufanya. Vibarua wa upande wa mtoni walikwenda kivulini. Dereva wa lori la saruji, mtu mkarimu asiyejua habari za honi, akapanda ukutani kupiga soga, akamnyoshea Mzee Kipenga sigara kama watu wanavyonyosheana mkono.

Mzee Kipenga aliipokea kwa adabu. Alijiambia ni adabu tu. Aliifunika kiganjani, akageuza macho kuelekea kibanda cha vioo, na kule juu kioo kikang'aa. Dereva akateremka kwenda kwenye lori lake. Mzee Kipenga akatembea polepole, kama mtu anayekagua ukuta, akashuka ngazi za upande wa mtoni hadi kwenye jukwaa lake la mbao, akawasha.

Ilikuwa tamu kuliko alivyoikumbuka, na hilo ndilo lililomkera. Akavuta mara ya pili. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama alipo. Hakuwahi kusimama jukwaani pale bila mzigo juu yake. Mbele mto, nyuma ukuta, juu kipande cha mbingu na hakuna mkono wa winchi ndani yake. Palikuwa kimya, na mtu angeweza kufanya lolote.

Katika bonde zima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo yule binti hakuona, na yeye ndiye aliyewekwa awe macho yake hapo. Naye amepatumia kujificha asimwone.

Sigara ikawa na ladha ya saruji. Akaizima kwenye mbao, akakohoa hadi akashika nguzo, akapanda juu. Honi haikulia, na hilo lilikuwa baya kuliko kama ingelia. Alingoja mtambo utengenezwe, akangoja zamu iishe, na huo ulikuwa ungojaji mrefu kuliko wote aliowahi kuufanya, tena bila kitu cha kuusindikizia. Mama Winchi aliposhuka ngazi, alimkuta chini ya mnara, kofia mkononi.

"Nimevuta," alisema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Umeshuka upande wa mtoni na ndoo haipo. Ngazi zile mtu hashuki kutazama mandhari." Mama Winchi alivua glavu moja. "Nikasema labda ni haja. Lakini ulikaa kuliko haja ndogo, ukarudi haraka kuliko haja kubwa."

Mzee Kipenga hakucheka. "Mwanangu, pale ndipo usipoona."

"Ndiyo."

"Na pale mimi ndiye..."

"Mzee wangu, najua wewe ni nani pale. Ndiyo maana nashusha." Akavua glavu ya pili, akazikung'uta pamoja. Vumbi likatoka, wote wawili wakalitazama. "Ungekaa kimya, kesho ningemwambia msimamizi atafute mtu mwingine. Si kwa sababu ya sigara. Kwa sababu nisingejua tena mlio wako unasema kweli. Umekuja kusema. Basi, yameisha."

"Yameisha hivyo tu?"

"Unataka nikupigie honi?"

Daktari, alipoambiwa, hakutoa hotuba. Alisema kuteleza si kuanguka, akatoa plasta nyingine, na akauliza kama dereva wa lori naye angependa kubandika.

Mwisho wa mwezi ukafika kama ulivyoahidi. Msimamizi wa usalama alipanda ngazi ya winchi akiwa na kofia yake, akabanana na Mama Winchi ndani ya kibanda cha mtu mmoja, akafunga mlango na dirisha. Mtambo wa zege ulikuwa umetengenezwa vizuri mno na sasa ulinguruma kuliko zamani. Ndoo ikajazwa, ikapaa, ikavuka ukuta. Mzee Kipenga alishuka hadi jukwaani. Vibarua wa zege walisimama chini wakimtazama yeye badala ya ndoo, akawanyoshea kidole juu kwa ukali ili watazame mzigo. Akapuliza mitatu. Ndoo ikaanza kushuka.

Alikuwa amefikiri ataogopa kifua. Alichoogopa kilikuwa kingine kabisa. Yule binti alikuwa ameshusha ndoo mahali pale mara nyingi kiasi kwamba angeweza kukadiria. Angeweza kusimamisha bila kusikia, kwa huruma, ili mzee asiende getini. Na msimamizi angeteremka ameridhika, na kuanzia siku hiyo ndoo ingeshuka juu ya vichwa vya watu kwa huruma. Huruma ni kitu kizuri, lakini haina breki.

Ndoo ikafika. Akajaza kifua, na kifua kikajaa. Akapuliza.

Mlio ulitoka, ukaendelea, ukavuka mto, ukagonga mlima wa ng'ambo na kurudi, na yeye bado alikuwa na akiba. Ndoo ikasimama, ikatulia hewani. Kibarua mmoja akasema, "Basi, Mzee, tumesikia," kwa sauti ya mtu anayeombea masikio yake.

Msimamizi aliteremka taratibu. Alisema amesikia. Alisema pia kwamba jino lake la nyuma lilikuwa na tundu, na sasa ana hakika nalo. Kisha akamshika mkono Mzee Kipenga, akaenda zake kumtafuta Daktari kwa ajili ya jino.

Mzee Kipenga akangoja hadi mtambo ulipotulia na Mama Winchi akachungulia dirishani, akaita kutoka ukutani, mikono ikiwa kama tarumbeta: "Umesikia, au umekadiria?"

"Mimi sikadirii," jibu likashuka toka juu.

Jioni hiyo alipanda kilima cha nyuma ya kambi, mahali pekee ambapo simu ilipata mtandao. Miaka yote simu zake nyumbani zilianza kwa kuhema. Mke wake alikuwa na utaratibu wake: akipokea, huilaza simu mezani, akamalizia kukunja nguo, kisha akairudia mhemo ukiwa umetulia. Leo Mzee Kipenga alifika juu, akapiga, na simu ilipopokelewa tu akasema, "Mama Watoto, habari za hapo nyumbani?"

Sauti ya tahadhari ikajibu: "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu hasemi mapema hivyo. Uko wapi, umepanda gari?"

Akamweleza yote: toroli, plasta, povu, jukwaa la mtoni bila kuficha, mlio. Mke wake alisikiliza, akacheka mahali pa mpishi, akanyamaza mahali pa jukwaa. Alikuwa amemwomba aache tangu kifungua mimba wao akiwa tumboni, na mtu mwingine angesema sasa kwamba alishasema. Yeye alisema, "Namshukuru Mungu," akapenga pua, akaongeza, "Na huyo binti wa watu, umemshukuru?"

"Nilimwuliza kama alisikia."

"Hiyo ni asante?"

"Kwetu kazini inaeleweka."

"Mzee Kipenga," alisema mke wake, na hapo akajua amekasirikiwa kwa heshima. "Mtu amekaa mawinguni mwezi mzima akilinda mfuko wako kama mfuko wa baba yake. Asubuhi nenda ukaseme kwa mdomo. Mdomo huo sasa una nafasi."

Asubuhi alitangulia kufika chini ya mnara. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na mtambo ulikuwa unaanza kukohoa kabla ya kunguruma. Mama Winchi alikuja na chupa yake ya chai kwapani, akamkuta amesimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya mkutano.

"Shikamoo, Mzee wangu. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema asante."

"Ya nini?"

Alikuwa ameyapanga maneno njiani, mengi tu, na ya maana. Yote yakamkimbia. "Ya kuendelea kushusha," alisema mwishoni.

Mama Winchi aliitazama ngazi, akaitazama chupa, akatazama kila kitu ambacho si yeye. Watu wanaofanya kazi kwa kusikilizana mbali huwa hawajui wafanye nini wakikaribiana.

"Na mimi asante," alisema, "ya kuja kusema siku ile." Akashika kipago cha kwanza. "Haya, panda, Mzee. Zege halilali."

Mzee Kipenga akapanda ukutani.